Tuliweka picha ya kigango cha babu mtandaoni, sasa kila gari likipita Adu naogopa

Wakuu, habari zenu, wa pwani na wa bara.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Leo nimejitokeza kwa sababu nina jambo linaloninyima raha na nimechoka kulibeba peke yangu. Sitatia chumvi. Majina nimebadilisha. Nitasema Adu, huko bara ya Malindi, kwa sababu Adu ni kubwa, ila msiniulize upande gani wala njia ipi, hata inbox. Mkimaliza kusoma mtanielewa.

Niseme mapema pia: mimi ni mwoga. Mke wangu hunicheka kwamba naogopa hata simu ya namba nisiyoijua. Basi someni mkijua anayesimulia ni mtu wa aina gani.

Nina duka dogo la kuprinti na kutoa photocopy, Malindi mjini. Jirani yangu ni jumba la sanaa, la watu binafsi. Kuna picha za kuchora, vyungu, milango ya zamani, vitu vya kuchonga. Sasa ukilitafuta kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika, ulikuwa unapata mistari miwili, na mmoja una makosa.

Ndipo wakaita watu wa kujitolea. Kila Jumamosi tunakaa ukumbini na laptop zetu. Wao wanatufungulia stoo na kutupa WiFi, chai na mahamri. Sisi tunapiga picha za vitu vyao na kuandika makala. Nilianza kwa sababu ya mahamri, sitawadanganya. Baadaye kazi ikaniingia.

Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Rukia, mama mmoja mkazi wa mtaa wa Shela, anafundisha historia sekondari. Mtu wa nidhamu. Ukiandika sentensi bila kuonyesha umeitoa wapi, anaifuta mbele yako huku anatabasamu.

Mimi nilipewa vigango.

Kwa wasiojua, kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ndefu kama mtu au kumzidi. Sisi Wagiriama tunamsimamishia mzee wa gohu, kile chama cha wazee wenye heshima kubwa, akishafariki. Si pambo, na si sanamu ya kuabudiwa kama wengine wanavyotusema. Yule mzee anahesabiwa yupo pale. Akishasimikwa hahamishwi. Hata mji mzima, yaani boma lote la ukoo, ukihama, yeye anabaki.

Pale jumbani kuna vigango vilivyoibwa zamani, vikauzwa ng'ambo, vikakaa sebuleni kwa matajiri, mwisho vikarudishwa. Vimerudi lakini havina kwao. Kila kimoja kina kibao chenye jina la kabila, halafu "Mahali: hapajulikani".

Mwalimu Rukia alikuwa hawezi kupita pale bila kusimama. Alisema kuna familia inamtafuta mtu wao, na sisi tunaye hapa ndani, hatujui tumpeleke wapi.

Sasa makala yetu ilihitaji picha ya kigango kilichosimama nyumbani kwao. Nikasema babu yangu yupo, Adu. Nilisema kwa majivuno kidogo, maana siku hiyo walikuwepo wageni.

Nikampigia mama. Mama akamwita baba mdogo Kahindi, ambaye ndiye mkubwa wa mji tangu baba yangu afariki. Wakajadiliana wee, mwisho wakakubali kwa sharti moja. Picha sawa, jina sawa, ila mtu asionyeshwe njia. Mji wa jirani waliwahi kuibiwa, na yule mwenye mji aliishi miaka yake iliyobaki akijilaumu kwamba mvua ikikosekana ni kwa sababu yake.

Nilimfikishia Mwalimu sharti hilo. Akasema ni haki yao kabisa.

Tukaenda. Mwalimu akawapa shikamoo zao, akakaa na mama jikoni kama wamejuana siku zote. Baba mdogo akamwaga pombe ya mnazi kidogo chini, akamwambia babu kwamba hawa ni wageni wa Katana, wanataka kumwandika, asishtuke. Katana ndiye mimi. Mwalimu akapiga picha na simu yake.

Ilitoka picha nzuri, wakuu. Babu amesimama na vile vitambaa vyake kiunoni, uso wa mviringo, ufa mmoja begani. Nyuma kabisa leso nyekundu ya mama, kanga yake ya kujifunga, imeanikwa kwenye kamba.

Makala ikapendwa. Ikatafsiriwa kwa lugha nyingine na watu tusiowajua. Watu wa jumba wakafurahi, nami nikaprinti ile picha kubwa nikaibandika dukani.

Halafu likaja swali.

Kila picha kule ina ukurasa wake, na chini watu wanaweza kuandika maoni. Mtu mwenye jina la herufi na namba tu akauliza kama pale vipo vingine. Nikamjibu kwa upole kwamba hilo ni la familia. Akauliza tena: hiyo mbao ina uzito gani?

Nilisoma mara kadhaa. Nani anauliza uzito wa babu wa mtu?

Nikamwonyesha Mwalimu, akasema huenda ni mwanafunzi wa utafiti. Nilitaka sana kumwamini.

Juma lililofuata mama akapiga simu mchana. Mama hapigi mchana, anaogopa kunikatiza kazi. Alisema limekuja gari jeupe, ndani wanaume wawili. Mmoja ni mtu wa pwani kwa matamshi yake, mwingine hakufungua mdomo. Walisema wananunua mbuzi. Mama akawaonyesha mbuzi, hawakuwatazama. Yule msemaji akatoa simu akauliza huyu babu wa mbao yuko wapi.

Mama akasema, "Katana, kwenye simu yake niliiona leso yangu."

Nilikaa chini pale pale dukani. Mteja ananiuliza kopi zake, mimi simsikii.

Mama alikuwa amewajibu kwamba hajui, yeye mgeni tu hapo. Wakaondoka polepole. Lakini wakuu, jiulizeni kama nilivyojiuliza. Adu nzima ile, bila jina la kijiji, walifikaje mpaka kwenye kamba ya nguo ya mama yangu?

Nikafungua ule ukurasa wa picha nikausoma wote, hata yale maandishi madogo ambayo huwa hatuyasomi. Chini kabisa kulikuwa na sehemu ya mahali. Imejazwa. Namba mbili ndefu, zile za ramani. Nikazibofya, na ramani ikashuka kutoka juu mpaka nikaona bati la nyumba yetu.

Nilimkuta Mwalimu ukumbini nikamwonyesha bila kumsalimu. Rangi ilimtoka. Alikuwa amejaza yeye. Jina la kijiji hakuliandika kwa sababu ya sharti letu, lakini zile namba hakuziona kuwa ni njia. Aliziona kuwa ni kumbukumbu.

Akaniambia, "Nilitaka siku akipotea, ajulikane kwao ni wapi."

Nilikuwa nimekuja na hasira tele, ikaniishia palepale, nikabaki na hofu tupu. Hakuna mtu mbaya ukumbini mule.

Tukafuta namba. Kumbe kule ukifuta, toleo la zamani linabaki kwenye historia ya ukurasa, yeyote analiona. Mwalimu akawaandikia wasimamizi akawaeleza, nao wakaficha yale matoleo. Nawashukuru, walisikia haraka.

Ila picha yenyewe ilikuwa ya bure kutumiwa na yeyote, ndiyo masharti tuliyoyakubali. Tayari ilishasambaa na namba zake. Tovuti moja ya watalii inayo. Kwenye ramani ya simu kuna mtu ameweka alama juu ya mji wetu, ameiita sanamu ya kale, na watu wanaipa nyota. Babu yangu ana nyota nne. Nilicheka, kisha nikafunga duka.

Nikaenda Adu. Njia nzima najiambia nitamkuta amesimama.

Alikuwa amesimama, lakini ameinama.

Udongo wa chini upande mmoja ulikuwa umechimbwa, mbichi, na alama za jembe zinaonekana. Baba mdogo yuko pale amechuchumaa, mkono mmoja ameishika ile nguzo kama mtu anayemzuia mgonjwa asianguke. Watu walikuja wakati familia nzima iko shambani. Wanawake waliokuwa wanarudi kuchota maji ndio waliowatimua, bila hata kujua wanatimua nini. Waliona gari jeupe tu likiondoka kwa kasi.

Niliogopa mambo mengi kwa pamoja. Niliogopa wale watu, maana waliokosa watarudi. Nilimwogopa babu pia, nisiwe mnafiki, mimi ni Mkristo na kanisani naenda, lakini nilipomwona ameinama vile sikuweza kumtazama usoni. Na zaidi niliogopa baba mdogo atasema nini. Aliniomba tu nishike upande wa pili, tukamnyoosha.

Tukaripoti kwa chifu, akaomba majirani wawe macho. Watu wa jumba la sanaa walipiga simu, na walisema kwa moyo mzuri: mleteni hapa, kuna kufuli na mlinzi. Baba mdogo akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akakataa. Alisema mzee akishang'olewa, hata na mwanawe, ameng'olewa.

Basi tukaita fundi wa kuchomelea kutoka Marafa. Akamwaga saruji kuzunguka miguu, akasimamisha vyuma pande zote nne na juu, na kufuli. Vyuma vile vile vya madirisha ya duka langu.

Mama alitazama kazi ilipoisha, akajifunika leso akaingia ndani.

Siku hiyo baba mdogo alitaka kumwaga mnazi kumweleza mzee kilichotokea. Ikabidi apenyeze mkono kati ya vyuma, kibuyu hakipiti, akahamishia kwenye kikombe. Nilikuwa nyuma yake. Nilimsikia anamwambia, "Baba, aliyekosa si wewe. Vumilia."

Wakuu, baba mdogo ni mtu mzima wa ndevu nyeupe. Alilia.

Nilichojifunza ni hiki. Mnaojitolea kuandika mambo yetu mtandaoni, endeleeni, kazi ni nzuri na Jumamosi bado naenda. Mwalimu Rukia naye yupo, sasa anakagua kila picha mara mbili, hatabasamu tena akifuta. Lakini kabla ya kupakia picha ya kitu kitakatifu cha mtu, zimeni location, na ile sehemu ya mahali iacheni wazi hata kama inawauma. Na ukiombwa ufiche njia, uliza kwanza njia ni nini.

Naomba ushauri kwa wanaojua ramani za simu: ile alama inaondolewaje? Nimeripoti, nimejibiwa kwamba mahali hapo papo kweli. Kuna mwenye familia iliyopitia haya Kaloleni, Ganze au kwingine? Mlifanyaje? Semeni, hata kunilaumu nitasoma.

NYONGEZA: Nimefungua ramani sasa hivi ili niripoti tena ile alama, nikakuta mtu ameongeza picha mpya. Imepigwa mchana, kwa karibu. Babu anaonekana vizuri, na vyuma vinaonekana. Nimempigia mama. Anasema tangu fundi aondoke hawajaona mgeni yeyote.