Ugonjwa Ulioanza na Ng'ombe

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja hapa Kitengela. Nyuma ya pazia, daktari alikuwa akimhoji mzee wa Kimaasai kutoka Kisaju, na sisi kwenye benchi tulisikia kila neno.

"Unasikia maumivu wapi, mzee?"

"Silali. Chakula haipiti."

"Ilianza lini?"

"Wakati ng'ombe ya mwisho ilikufa na hii kiangazi."

"Mzee, nimeuliza ugonjwa, si ng'ombe."

"Na mimi nimekujibu ugonjwa."

Daktari akacheka kidogo, akamwandikia dawa ya malaria. Mzee alitoka ameshika karatasi, akasimama mbele yetu.

"Kila asubuhi naamka kufungua boma ya ng'ombe," alituambia, mkono wake ukivuta tawi la miiba la mlangoni, lisilokuwepo. "Halafu nakumbuka."

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na kikohozi. Nilipoulizwa kilianza lini, nilisema Jumanne, na daktari akaandika upesi, ameridhika kabisa.

Kumbe ugonjwa unaruhusiwa kuanza Jumanne. Ukianza na msiba, unaambiwa hujajibu swali.