Pacha Wawili, Anwani Moja

Nimehamahama kazi sana, na hii ya majaribio pale Kitale niliitaka kweli. Niliambiwa ninakili kompyuta isiyoshikika, ya programu tu, inayoishi ndani ya mashine kubwa ya ofisi yetu ya Bungoma. Nikanakili, nakala nikaipa paswadi mpya. Nilipojaribu kuingia kwenye nakala kutoka Kitale, ikanikataa. Nikabadilisha kibodi, nikalaumu mvua ya Mlima Elgon. Ajabu, mlango unaitika lakini haunitambui! Nikampigia msimamizi wetu wa Bungoma, Mama Nekesa, nikamweleza.

“Mulongo, pacha wako anaitwa nani?”

“Mukhwana, madam, ndiye mkubwa wangu.”

“Si majina mawili? Sasa hawa pacha wako wa kompyuta ati umewapa anwani moja ya mtandao! Unabisha kwa mkubwa na paswadi ya mdogo, bana.”

Kicheko kikalipuka. Alikuwa ameniweka kwenye spika, ofisi nzima ikisikiliza.