Nguo za Zaituni Hazikukauka

Naanza kwa kukwambia kwamba siku ile sikuwa na homa, wala sikuwa nimelala. Wako walionisikiliza mpaka mwisho wakasema ni njaa ya Ramadhani, wengine wakasema ni jua. Haya. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili, saa saba ya mchana. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, niache nimalize tu.

Kwanza nikueleze habari ya sauti, maana bila hiyo hutaelewa kitu.

Zaituni alikuwa shoga yangu. Tulisuka nywele pamoja Mtwapa miaka minne, kiti changu na chake vimegusana. Akaenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, wakati ule ambapo kila mtaa ulikuwa na msichana mwenye pasipoti mpya. Akaondoka, akanyamaza kimya. Nilishakata tamaa ya kumsikia, hadi siku moja ajenti aliyempeleka, mwanamke mmoja wa Mombasa, akaniwekea sauti yake kwenye simu: "Nimefika salama, shoga zangu. Nina miezi mitatu sasa. Nina chumba changu, nina AC, madam ananiita binti yangu. Msiogope, njooni." Katikati alikohoa kidogo, akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikamuuliza ajenti, mbona mimi hanipigii? Akasema simu huwekwa pembeni wakati wa kazi, nitaongea naye nikifika. Nikatia sahihi.

Tulipotua Riyadh tuliwekwa kwenye chumba pale uwanja wa ndege, tungoje makafili, yaani wale waajiri wetu, waje kutuchukua mmoja mmoja kama mizigo. Akaingia bwana mmoja Mkenya, mtu wa ajenti, na simu mkononi. Akasema kila mtu atume sauti nyumbani. "Sema una miezi mitatu," akaniambia. Nikamwambia sina hata saa tatu. Akacheka. "Wote husema hivyo, dada. Ni ya kumtuliza mama asilie."

Nami nikasema. Tena sikusema kwa shida, nilisema kwa mbwembwe. Nikaweka chumba, nikaweka AC, nikaongeza na bwawa la kuogelea ambalo hata sikuambiwa nilitaje. Mwisho nikacheka.

Najua utaniuliza, hukushtuka kwamba ya Zaituni ilipikwa pale pale? Sikushtuka. Nilijiambia Zaituni alisema kweli, kwa hivyo yangu nayo itakuwa kweli, nimeitanguliza tu kidogo. Ndivyo akili inavyofanya kazi ukiwa umeshashuka kwenye ndege.

Chumba changu kilikuwa stoo ya sabuni. Simu yangu ilichukuliwa siku ya kwanza, ikafungiwa kwenye droo. Nyumba ilikuwa ya ghorofa tatu, na kila nilipopiga deki nilimtukana Zaituni kimoyomoyo. Ijumaa moja bosi, mume wa madam wangu, alinipitisha Batha, lile soko la wageni, nikawaona Wakenya wenzangu kwenye foleni ya kutuma pesa, wanasukumana na kutaniana. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa. Unajua nilikuwa natafuta nini? Uso wa Zaituni, nishuke nimzabe kofi. Alikuwa ameniuza, na bado nilikuwa nampenda, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ramadhani ilipoingia familia ikahamia Jeddah, kwa mama yake madam, mtaa wa Al-Hamra. Kule wenye nyumba hugeuza siku. Usiku maduka yako wazi, watoto wako barabarani, wageni wanaingia saa nane na masinia ya vitamu. Mchana ndio usiku wao: mapazia yamefungwa, mtaa mzima umelala mpaka alasiri. Anayebaki macho ni mtumishi na paka. Mimi ni Mkristo, lakini nilifunga pia, maana mchana hakuna aliyekumbuka kunipa chakula.

Mwaka ule mazungumzo yalikuwa ya wanawake kuruhusiwa kuendesha magari. Madam alikuwa na furaha ya mtoto, anashika sahani kama usukani mpaka dada zake wanajishika mbavu. Nilimfurahia, usidhani. Ila nilijiuliza, huyu anayengojea kwa hamu kushika ufunguo wa gari lake, mbona ufunguo wa ile droo haumtoki shingoni?

Siku ya tano nikapanda juu ya paa kuanika kanzu za bosi. Jua la Jeddah halina mchezo. Ukimaliza kuanika ya mwisho, ya kwanza imeshakauka. Kati yetu na nyumba ya jirani kulikuwa na ukuta wa kunifika kifuani. Nikasikia mtu anakohoa kidogo, halafu kicheko cha puani.

Alikuwa Zaituni. Alikuwa anaanika shuka nyeupe, amevaa lile dera lake la zambarau la kusukia, na lile kovu lake linalokata nyusi ya kushoto liko pale pale.

Sikumsalimu. Miezi mitano ya hasira ilinitoka kwa mkupuo. "Umeniuza, Zaituni! Miaka minne tunakula sahani moja, ukaniuza kama kuku!"

Akaendelea kuanika. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Nimefika salama, shoga zangu. Nina miezi mitatu sasa."

Nikadhani ananifanyia dhihaka. Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Akayasema maneno yote ya ile sauti mpaka mwisho, chumba, AC, binti yangu, na kikohozi mahali pale pale. Nikashuka ngazi nikilia kwa hasira.

Kesho yake nilimkuta tena. Maneno yale yale. Hapo ndipo nilipoangalia zile shuka. Zilikuwa za jana, hazijaguswa, na bado zilikuwa zikichuruzika maji. Niamini, Jeddah hakuna nguo inayolala na maji. Nikainamia ukuta nitazame chini. Sakafu ilikuwa kavu, ina vumbi, na matone yalikuwa yanaanguka juu ya vumbi lile bila kuacha alama.

Nilishuka ngazi mbio. Sasa mbona nilirudi siku ya tatu? Kwa sababu alikuwa Zaituni. Wewe ungeweza kumwacha?

Siku hiyo sikumtukana. Nilimuuliza, "Shoga yangu, nani amekufanya hivi?" Akaacha kuanika. Akafungua mdomo, nikamwona anang'ang'ana, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje.

"Hiyo sauti ndiyo iliyobaki," akasema. "Wanaisikia hiyo tu." Akanitazama kwa mara ya kwanza, kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko yote. "Na Kadzo anaisikia yako."

Kadzo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Alikuwa amebakiza muhula mmoja amalize kozi ya upishi. Sikuwa nimemtaja kwa mtu yeyote nchi ile.

Jikoni alasiri hiyo alikuwepo Bi Ruzuna, mama wa Kizanzibari wa mtaa wa Kandara, hapo hapo Jeddah, aliyeletwa nchi ile mgongoni mwa mama yake baada ya mapinduzi. Kila Ramadhani alikuja kutukaangia sambusa. Nikamuuliza kama majirani wana mfanyakazi Mkenya.

"Nyumba ile imefungwa tokea mwaka jana, mwanangu," akasema. "Alikuwepo mtoto wa Mombasa, akafariki Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Mie mwenyewe nilikuwa katika waliomwosha, sisi wanawake wa Kandara, maana hakuwa na mtu."

"Alikufa kwa nini?"

"Walisema presha. Mie nimeitwa kuosha, sikuitwa kuuliza."

Nilipitisha kidole kwenye nyusi yangu ya kushoto, pale penye kovu lake. Bi Ruzuna akakitazama kile kidole, mwiko ukamponyoka ndani ya mafuta. "Umemuona wapi?" akanong'ona.

Nikahesabu nyuma. Siku ajenti aliponiwekea ile sauti inayosema nina miezi mitatu sasa, Zaituni alikuwa kaburini, na miezi yenyewe ilikuwa mitatu kamili. Na ajenti alijua. Nilimchukia rafiki yangu miezi mitano, naye hakuniita kokote. Aliyeniita ni mtu aliyekaa Mombasa na sauti ya maiti mfukoni.

Bi Ruzuna akajifuta mikono kwenye kanga, akanipa simu yake. Kadzo akapokea.

"Kadzo, usije huku."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, dadako. Usije. Ile sauti nilidanganya, hata madam sikuwa nimemwona."

"Kwenye ile sauti ulikuwa ukicheka," akasema. "Sasa walia. Mbona sasa, nikishapata tiketi? Wataka ufaidi peke yako?"

"Kadzo, Zaituni amekufa!"

"Zaituni nimemsikia juzi kwa ajenti," akanijibu. "Nasafiri Alhamisi."

Madam akaita "Yalla!" kutoka ngazini, meza ya futari bado tupu. Bi Ruzuna akanipokonya simu, akaificha kifuani. Hiyo ndiyo nafasi niliyopewa, na haikutosha. Mdogo wangu alinisikia hai, nikilia, akaona afadhali aamini ile sauti.

Nilipanda juu siku zote zilizobaki. Waya wa kuanikia wa jirani ulikuwa mtupu, umeshika kutu.

Kadzo alienda Riyadh. Alirudi baada ya miaka miwili, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, na hajasema vilipatwa na nini. Tunaishi nyumba moja. Ananipikia, ananifulia nikiumwa, lakini nikicheka anatoka nje. Kwa hivyo nimeacha kucheka. Mama yake Zaituni alikuwa ameambiwa mwanawe katoroka kwa kafili, naye aliona haya kumtaja mtaani. Nilimweleza mimi niliporudi, Zaituni akasomewa khitma. Ofisi ya ajenti nilikwenda na maneno yangu yote tayari. Nikakuta wanauza chipsi.

Siku hizi nakaanga viazi karai kando ya barabara. Mwezi uliopita akaja msichana kununua, simu imebanwa sikioni, anatabasamu. Akaiweka kwa spika ili anihesabie pesa. Ikasema: nina chumba changu, nina AC, mpaka bwawa la kuogelea. Halafu ikacheka. Nikamwambia, mwanangu, huyo ni mimi. Akanitazama, akalitazama karai langu, akachukua viazi vyake akaenda.

Basi nakuomba wewe unayenisikiliza. Siku ukiwekewa sauti ya mwanamke aliyefika salama, anayekwambia usiogope, njoo, usiijibu. Mwingine mwenye sauti yake ameshaoshwa Kandara. Mwingine yuko Mtwapa, amekaa mbele ya moto, na hajakuita.