Damu ya Mtoto wa Askari

Muharami wa Makote hakunywa maji mkononi mwa mtu. Ungemkuta kazini amelowa jasho chapachapa, ukampa kibuyu, angekuambia asante na kukurudishia kikiwa kimejaa vilevile. Na maji kule juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, si kitu cha kukataa hivihivi. Wanawake huyafuata bondeni. Hushuka alfajiri, na wakiipanda tena ile miteremko mtungi kichwani, jua linakuwa limeshafika utosini. Watu walimcheka wakamwita Bwana Kiu. Naye alicheka nao, ila hakunywa.

Kazi yake ilikuwa mpira. Enzi hizo za Wajerumani, wafanyabiashara wa Lindi waliutaka mpira wa porini kama watu waliopagawa, na Muharami aliijua mibungo, mitambazi ya porini yenye utomvu wa mpira, kuliko alivyowajua shemeji zake. Alikata gome kwa kisu kifupi, utomvu ukachuruzika, akajipaka mikononi na kifuani mpaka ukaganda juu ya ngozi. Kisha aliubandua na kuuviringa donge. Hebu fikiria mwanamume mzima, mweupe pe kama aliyemwagiwa uji, anakatiza vichakani! Bintiye Sikuzani alipomwona hivyo mara ya kwanza alipiga yowe, akakimbilia nyuma ya mama yake.

Mpira huohuo ndio uliompeleka yeye na mdogo wake, Safari, mpaka nchi ya Wamwera, na huko vita vya Maji Maji vikawakuta. Mjumbe wa dawa, waliyemwita hongo, aliwanyunyizia maji, akawapa na mengine wanywe. Risasi za Mjerumani, alisema, zitageuka maji. Safari alikunywa mara mbili kwa sababu hofu yake ilikuwa kubwa kuliko ya kaka yake. Porini karibu na Masasi askari wakafyatua bunduki, na risasi hazikugeuka kitu. Muharami alimlaza mdogo wake juu ya majani, akamfunika kwa shuka, akakimbia. Hata nafasi ya kuchimba kaburi hakupata.

Tangu siku hiyo, dawa ya mtu na maji ya mtu, hataki kuvisikia.

Vita vilipokwisha ikaja njaa, na njaa ilipoanza kulegea ikaja ndui. Ilisikika kwanza kule chini Lisekese, halafu ikapanda uwandani. Pale Makote nyumba ya jirani yao ilizibwa njia kwa miiba. Watu waliweka chakula kando ya miiba hiyo, wakapiga ukelele, wakaondoka. Mwanzoni mkono ulitoka kukichukua. Baadaye chakula kikaanza kubaki.

"Baba Sikuzani," mkewe Stamili alisema asubuhi moja, "ugali wa jana upo palepale."

Muharami alikuwa akimtazama Sikuzani, ambaye alikuwa amechuchumaa uani akimwimbia mbuzi. Walikuwa wamezaa wengine kabla yake. Njaa haikuwaacha.

"Leo wanachanja watoto kwenye banda la mikutano," Stamili akaendelea. "Mchanja wa boma amefika."

"Nimesikia ngoma."

"Basi?"

"Basi nimesikia."

Mchanja huyo aliitwa Fikirini, mtu wa Lindi mwenye kanzu iliyowahi kuwa nyeupe. Dawa ya ndui ilikuja kwa meli ndani ya vichupa, lakini joto la njiani liliiua kabla haijapanda Newala. Kwa hiyo boma lilikuwa na mbinu yake. Mtoto mmoja alichanjwa Masasi dawa ikiwa bado nzima, mkono ukatoka malengelenge, kisha akaletwa juu kwa miguu. Maji ya lengelenge lake, pamoja na kidogo cha damu, yalitiwa kwenye mkono wa mwingine. Mtoto ndiye aliyekuwa chupa. Na palikuwa na amri: mtoaji hatajwi. Atakayefika mbele ya kisu achanjwe, asiulize ni damu ya nani, maana wakianza kuulizana koo, nusu ya akina mama watarudi makwao.

Hapo ndipo Muharami alipokwama. Ujanani alichanjana na rafiki yake wa Chidya. Walikatwa kifuani, damu ikatiwa kwenye ini la kuku lililochomwa, wakalishana, wakatamka maneno. Tangu hapo wakawa ndugu kabisa. Hawafichani chakula wala mmoja haoi dada wa mwenzake. Kwake damu haikuwa kitu cha kupita kimya. Damu isiyotamkiwa neno huingia kama mwizi, haijui iko kwa nani, na humla mtu kutoka ndani. Hivyo walimfundisha wazazi wake, naye hakuona kwa nini boma lijue zaidi.

"Nitajuaje ni ya nani?" alimwuliza mkewe.

"Utajua ni ya mtoto aliye hai!" Stamili alijibu, na ile ndonya, kipande cha mti kwenye mdomo wake wa juu, ikawa inatetemeka. "Dawa ya hongo uliinywa kwa mkono wako. Mbona hukuuliza?"

Hilo lilimchoma. Akachukua kisu chake. "Mtoto asitoke hapa," akasema, na akaenda zake porini.

Lakini mikono haikufanya kazi. Alikata vibaya, utomvu ukamwagika chini, na kila alipoinama aliuona ule ugali kando ya miiba. Akageuka nyumbani. Mlango umefungwa. Mbuzi yupo peke yake. Muharami akatimua mbio kuelekea bandani, kisu mkononi, mpira ukiwa bado umemganda mwilini.

Foleni ilikuwa imekwisha. Stamili alisitasita mno njiani, akawa wa mwisho. Sikuzani alikuwa amekaa mkekani, bega wazi, na mbele yake mvulana wa rika lake amepakatwa na mama yake.

"Mtoe!" Muharami akafoka.

"Salaam aleikum kwanza, bwana," Fikirini akasema bila kuinua kichwa. "Mzimu ukija hospitali huweka kisu chini."

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Haulizwi. Amri."

"Nimeuliza."

"Nami nimejibu. Sikiliza, ndugu yangu. Lengelenge lililobaki ni hili moja. Jua linakausha. Likikauka, nitarudi na mtoto mwingine mwezi ujao, Mungu akipenda. Ndui haijaniambia kama nayo itangoja."

"Baba Sikuzani," Stamili akasema taratibu, "nakuomba."

Muharami alikuwa ameshamshika bintiye mkono. Ndipo yule mama wa mkekani akafungua kinywa.

"Ni wangu. Anaitwa Rajabu. Mimi Mwanaisha, Myao wa Masasi."

"Mama, amri!" Fikirini akaruka.

"Amri yako ninayo tangu jana," Mwanaisha akamwambia. "Tangu jana unamdonoa mwanangu. Watoto wa watu wanaondoka na damu yake, hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina. Kwetu nako damu haiingii kimya. Kesho mmoja wao akimlaani baba wa huyu mwanangu, laana itamwangukia nani?"

Muharami akamwachia Sikuzani. Hakutegemea kusikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. "Baba yake ni nani?"

Mwanaisha alitazama kile kisu. Angeweza kudanganya.

"Askari wa boma la Newala."

"Mwaka ule wa vita?"

"Alikuwa Masasi."

Stamili akafumba macho. Nje ya banda kuku walikuwa wakiparura, na sauti yao ilisikika kama ya kitu kikubwa.

"Mdogo wangu yuko kule," Muharami akasema. "Juu ya majani. Ndiye aliyempiga?"

"Walifyatua wengi. Mimi sijui, naye hajui. Sikuja kumtetea, baba. Nimekuja na mtoto."

Muharami akitamka maneno ya udugu, yule askari anakuwa ndugu yake. Hatamwinulia mkono tena, hata akimkuta peke yake porini amelala. Mara ngapi alikuwa amewaza hilo, kumkuta askari mmoja tu amelala! Na asipotamka, atarudi nyumbani na Sikuzani na kuhesabu vipele vya watu wengine mpaka vifike kwake.

"Inauma?" Sikuzani akamnong'oneza Rajabu.

"Kidogo. Usitazame kisu. Mtazame baba yako alivyopakwa uji."

Sikuzani akacheka. Akacheka kabisa, mkono mdomoni, mabega yakimcheza, na Muharami akamtazama akicheka hivyo kana kwamba ndio kwanza anamwona. Kisu kikamtoka mkononi. Akachuchumaa.

"Tutayasema maneno," akasema.

"Semeni," Fikirini akapumua, "lakini chapuchapu. Dawa haingoji hotuba."

Nafasi ya kuchinja kuku na kuchoma ini haikuwapo. Mwanaisha akatoa muhogo wa kuchoma kwenye kanga yake, akaukata vipande viwili.

"Mimi Muharami wa Makote, na nyumba yangu," akaanza. "Nikiwaona na njaa nikaficha chungu, damu hii inigeuke. Nikiwaona na kiu nikaficha mtungi, inigeuke."

"Bado moja," Mwanaisha akasema.

"Najua."

"Litaje."

Likachelewa kutoka. "Nikimwinulia mkono babake mtoto huyu, inigeuke."

Mwanaisha akayarudia yote kwa upande wake, na mwishoni akaitaja bunduki ya mumewe. Wakatafuna muhogo. Ulikuwa mkavu, ukamkaba Muharami kooni, lakini akaumeza. Fikirini akachovya kisu kwenye mkono wa Rajabu, akakwaruza bega la Sikuzani, akafungasha vitu vyake huku akinung'unika.

Kisha homa ikaja. Fikirini alikuwa amewaonya, lakini kuonywa ni kitu kimoja na kumshika mtoto anayewaka ni kingine. Muharami hakwenda porini. Alikaa mlangoni, na Stamili akamkuta akiyarudia maneno ya kiapo chinichini, anatafuta aliporuka neno.

"Hukuruka," akamwambia. "Nilikuwa nasikiliza."

Homa ikashuka. Begani likatokea lengelenge moja, zuri, la mviringo, katikati limebonyea kama kitovu. Lilipoiva Fikirini akarudi, na safari hii Sikuzani ndiye aliyekuwa chupa. Muharami alimpakata mwenyewe. Kila mzazi aliyeleta mtoto ilimbidi aseme kwanza jina lake na la nyumba yake. Fikirini aliguna kuhusu amri, kisha akangoja wamalize kujitaja. Ndui ilizunguka Makote mpaka ikachoka, na kwa Muharami haikuingia.

Mvua zikaja, zikapita. Kiangazi kilipokaza, askari mmoja alisimama uani kwa Muharami, vumbi mpaka kwenye nyusi, bunduki begani.

"Hodi kwa Baba Sikuzani?"

Muharami alikuwa akinoa kisu cha mpira. "Karibu."

"Mimi Baba Rajabu. Mke wangu aliniambia nikipita Makote nisipite kimya." Akalamba midomo. "Nina kiu."

Alikuwa peke yake. Miguu imemvimba, bunduki akaiegemeza ukutani mbali na mkono wake, kama mtu aliyechoka kuibeba. Stamili alitoka ndani akasimama mlangoni.

Muharami akaweka kisu chini. Akaingia, akachota kata ya maji kwenye mtungi, akaonja mbele ya mgeni kama desturi inavyotaka ili ajue hayana kitu, akampa. Askari akanywa huku koo likimpanda na kushuka. Alipofika nusu akaacha, akafuta mdomo na kumrudishia.

"Nawe malizia, ndugu yangu."

Stamili akashika kizingiti. Muharami aliitazama kata ile muda mrefu. Safari alikuwa amekunywa mara mbili.

Akainua. Maji yalikuwa vuguvugu na yalinuka tumbaku ya askari. Aliyanywa yote.