Ndoo ya Spika wa Mabibo

Nilizaliwa Lulindi, karibu na kengele ya kanisa, katika nyumba isiyokauka shangazi. Nikapangiwa kufundisha Newala, shule moja upande wa Mkunya, ambako sikumjua mtu. Huku mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Mimi sina mtoto, kwa hiyo naitwa Mwalimu: sokoni Mwalimu, msibani Mwalimu. Ni jina la heshima, ila jioni halikufungulii mlango.

Tulipofika mada ya bunge katika somo la Uraia, kidato cha pili walikuwa wanasinzia. Nikasema basi, tuunde nchi yetu. Wakaiita Jamhuri ya Mabibo, maana ulikuwa msimu wa korosho na darasa zima lilinuka mabibo. Siwa yetu, ile fimbo ya heshima ya bunge, ilikuwa mchi ulioazimwa jikoni. Mwanafunzi aliyekuwa mpambe wa bunge aliubeba begani kwa heshima zote, na ukishawekwa mezani ilikuwa marufuku kucheka. Kila mbunge aliwakilisha kitongoji chake. Muswada ulisomwa mara ya kwanza bila mjadala, mara ya pili ukachambuliwa, mara ya tatu ukapigiwa kura. Mimi nilikuwa Spika, na Spika hakupiga kura ila zikilingana. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe. Tena niliahidi kwamba kila kitakachopita kwetu nitakifikisha kwa mkuu wa shule. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Huku juu bomba hutoa hewa kuliko maji, kwa hiyo maji huchotwa bondeni. Desturi ya shule ilikuwa kila mwalimu aletewe ndoo jioni. Yangu aliileta msichana mmoja mrefu wa darasa hilohilo. Akishamimina pipani alikaa kidogo kizingitini, akanicheka ninavyosonga ugali wa muhogo, "Mwalimu, huo mbona uji," kisha akanipa habari za kijiji. Hakuna mwingine aliyeingia kwangu. Nilianza kumsubiri tangu mchana, na niliamini kwamba anapenda kuja.

Ndiye aliyesimama bungeni.

"Mheshimiwa Spika, naleta muswada wa kufuta kuwachotea walimu maji. Kile kilima kinatumaliza shingo. Na tukifika nyumbani tunatumwa tena."

Hakunitazama. Muswada ukapita hatua zake, wengine wakiupinga kwa kumwogopa mkuu. Siku ya kura, walioafiki wakasema ndiyo, wasioafiki wakasema siyo, na sikujua nani wameshinda. Nikaamuru wanyooshe mikono. Kura zikalingana.

Darasa zima likanigeukia. Nilijua nikisema siyo, jioni atakuja na ndoo yake kama kawaida, atamimina, ila hatanicheka tena. Nikasema ndiyo. Wakapiga meza mpaka mchi ukaanguka. Na mkuu wa shule, ambaye moyoni niliomba autupilie mbali muswada, akautangaza mstarini kesho yake asubuhi.

Siku hizi najichotea. Jioni nasonga ugali wangu, umekuwa mgumu sasa, unasimama vizuri, na hakuna wa kumwonyesha. Nimekuwa mpweke kuliko nilipofika, maana nilipofika sikuwa na wa kumsubiri.

Juzi nilikuwa napanda kilima, maji yananichuruzika shingoni, nikakutana naye akishuka na dumu tupu la kwao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Lete nikupokee." Alikwisha kuweka dumu chini, mikono kainyoosha.

"Bunge lilikataza," nikamwambia, kwa sauti yangu ya Spika.

Nilitaka abishe. Nilitaka aombe mwongozo, atoe taarifa, aseme lolote, aichukue ndoo twende naye hadi kizingitini. Alinitazama kidogo, akatabasamu kama mbunge aliyeelewa.

"Haya, Mwalimu," akasema, akaokota dumu lake, akaendelea kushuka.