Shujaa Asiyetaka Kitu

Hamjambo wasomaji? Punguzeni redio kidogo, nina jambo.

Juzi nilikuwa Mtendeni, nasukwa barazani kwa msusi wangu. Mdogo wake alikuwa na kitabu cha katuni za Kijapani kilichotafsiriwa. Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa na wajukuu nikakiomba.

"Anzia kulia, bibi, kama msahafu," akanielekeza.

Nikasoma kurasa mbili, peke yangu! Shujaa ni kijana aliyefiwa na wote. Anagawa chakula chake, anapigwa kwa ajili ya wenzake, halii.

"Nampenda huyo," msusi akasema.

"Mimi simwamini," mdogo akajibu. "Mtu gani hataki kitu? Anaogopa tu. Akiacha kuhangaikia wengine, atabaki na majonzi yake."

Mikono kichwani kwangu ikasimama. Mtaa mzima tulijua mshenga anakuja mchana ule kuchukua jibu la posa, na msusi ameshasema atakataa, abaki amwuguze mama yao.

"Unanisema mimi?"

"Namsema wa kitabuni. Ila na wewe, dada, unataka nini? Kwa mama nipo mimi."

"Utaweza kumgeuza kitandani?"

"Nifundishe."

"Hodi!" Mshenga huyo. Msusi akanivuta nywele hadi nikang'ata kanga.

"Karibu," akasema. "Kamwambie aliyekutuma, namtaka."

Mshenga, aliyezoea kujibiwa na wazee, akamwomba arudie.

Yule wa kitabuni namwamini, maana nimewaona wa aina yake. Ila kumpenda, nasubiri kwanza aombe kitu, hata maji.

Nikainuka, kichwa kimesukwa nusu. "Nitarudi kesho, mwanangu," nikamwambia msusi. "Leo lia kwanza."