Madirisha Kumi na Moja Yaliyogoma Kukaa

Siku tuliyotolewa ofisini ndiyo siku makosa yalipokoma.

Nilikaribia kuvunja familia kabla sijajua kwa nini.

Tuko watatu tu. Tunachora madirisha ya alumini. Mpimaji anakwenda kwenye jengo na kuandika vipimo kwenye daftari. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, anachora. Mimi nalinganisha mchoro na daftari, nasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha unakwenda kwa fundi anayekata alumini.

Mwaka jana madirisha kumi na moja yaligoma kukaa ukutani. Kila moja lilipungua sentimita tano kamili.

"Kosa la aina moja lina mtu mmoja," nilimwambia wifi mbele ya mpimaji.

Akaendelea kuchora.

Mkandarasi alikuwa mteja pekee tuliyebaki naye. Akasema, "Dada, nakuheshimu. Ila la kumi na mbili likigoma, tusijuane."

Wiki ileile dari ya chumba cha jirani ikaanguka. Mwenye nyumba akafunga jengo zima. Tukatoka tumekumbatia kompyuta kama watu waliounguliwa nyumba.

Nilijua tumekwisha. Kama wifi alikosea nikiwa nyuma ya kiti chake, akiwa peke yake kwake ingekuwaje?

Lakini hatukuwa na njia nyingine. Mpimaji akawa anapiga picha ukurasa wa daftari na kuutuma. Wifi anachora kwenye meza ya jikoni. Mimi nakagua kitandani, kompyuta mapajani, picha ya daftari kwenye simu.

Dirisha la kwanza likakaa sawa. La pili likakaa. Ndani ya wiki sita, madirisha sabini na mawili, halikurudi hata moja. Mpimaji akawa anamaliza majengo mawili kwa siku, maana hapiti tena ofisini kuleta daftari.

Mkandarasi akapiga simu. "Mmeajiri mtu mpya?"

"Hapana."

"Basi yule wa zamani mmemfunga kamba."

Kisha akaacha utani. Alikuwa na mkataba wa mwaka mzima. Sharti moja: aliyeharibu yale kumi na moja aondoke, na nimletee ushahidi.

Bila mkataba ule, sote watatu tulikuwa tunarudi mtaani.

Asubuhi yake nikamtumia wifi barua ya kumwachisha kazi.

Mdogo wangu akapiga dakika hiyohiyo. "Dada, unamtoa mke wangu kafara?"

"Naangalia ukweli tu."

"Haya. Uangalie vizuri."

Nikatoa daftari la zamani na michoro ya yale kumi na moja. Nikapiga picha ukurasa wa kwanza nimtumie mkandarasi. Kwa mazoea ya wiki sita, nikaukuza kwa vidole viwili.

138.

Nikatazama mchoro. Wifi alichapa 138. Juu yake kuna mstari mwekundu, na mwandiko wangu: 133.

Nikashika daftari mkononi, bila simu. Nikaona 133.

Nilipitia yote kumi na moja. Penye nane ya mpimaji, mimi niliandika tatu. Kila mara.

Nikampigia wifi.

"Barua nimeipata," akasema. "Yale madirisha manne niyamalizie au niyaache?"

"Wifi, ni mimi. Macho yangu."

"Najua. Tangu dirisha la pili."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Uliniambia nisibishane na kalamu nyekundu."

Ni kweli. Nilisema hivyo, kwa maneno hayohayo.

Nikampigia mkandarasi. "Aliyeharibu nimempata. Ni mimi."

Nikawa nawaza nitakavyomwambia mpimaji atafute kazi.

"Sasa utajifukuza?" akauliza.

"Kalamu nimempa wifi. Hakuna mchoro utakaotoka bila yeye kuupitisha."

"Basi mkataba asaini yeye. Wewe wala usiuguse."

Wifi aliusaini kwenye meza yake ya jikoni. Mimi leo navaa miwani, na ofisini hatukurudi.

Watu huniuliza faida ya kufanyia kazi nyumbani kwa biashara ndogo kama yetu. Wanatarajia nitaje kodi na nauli. Hizo zipo. Ila sisi tulipoondoka nyuma ya viti vya wenzetu, ilionekana nani alikuwa anakosea. Nawe mwenye biashara, kabla hujaandika barua ya kumwachisha mtu kazi, kuza picha kwanza.